SURUALI MBELE YA MAMA MKWE

Sehemu ya Tisa

Wiki iliyopita, msomaji, suruali ya Evod ilikuwa imefika magotini. Leo bado ipo magotini, na mama mkwe bado amesimama mlangoni na daftari lake kifuani.

Evod alikuwa amekaa juu ya meza ya kupimia, ndani ya stoo ya klabu ya wafanyakazi wa mashamba ya miwa, kati ya madebe ya dawa ya bwawa na viti vilivyovunjika. Daktari Ndaki, aliyetumwa kutoka Dar es Salaam kuja kuwapima waogeleaji walemavu wa bonde zima la Kilombero, alikuwa amempa mgongo akitafuta kalamu. Na aliyeingia kuandika majibu hakuwa mwingine ila Mama Theodosia, mwalimu mstaafu wa Ifakara, mama mzazi wa Dativa. Dativa ndiye yule ambaye barua ya posa ya Evod ilikubaliwa kwao mwezi wa tano.

Kwa watu wa bondeni, mama mkwe ni mtu wa kupishana naye kwa mbali. Ukimwona anakuja na ndoo kichwani, unaingia majanini mpaka apite. Hamtazamani usoni, wala hamli sahani moja. Sasa huyu ameona magoti.

"Yesu na Maria!" Mama Theodosia alijifunika uso kwa daftari, akageuka kutoka, akaukosa mlango, akajigonga ukutani.

Evod naye aliivuta suruali kwa mikono miwili. Meza ikayumba, yeye akaanguka upande wa pili kwa kishindo kilichowafukuza popo darini mpaka kwenye mwarobaini wa nje.

Lakini adabu ni adabu, hata ukiwa sakafuni.

"Shikamoo mama," sauti ilitoka chini ya meza.

"Marahaba baba," Mama Theodosia aliujibu ukuta. "Habari za huko kwenu Kivukoni?"

"Nzuri mama. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, tunamshukuru Mungu. Ila kuna mwizi aliniibia mto wangu wa kulalia. Tangu wiki ya Pentekoste siuoni."

"Pole sana mama."

"Nimeshapoa baba. Samaki wanapatikana?"

"Kidogo kidogo mama."

Daktari Ndaki alitazama meza, akatazama ukuta. Alikuwa Msukuma mrefu mwenye saa kubwa mkononi, na tangu asubuhi alikuwa akiitazama saa hiyo kuliko alivyowatazama wagonjwa.

"Samahani," alisema, "mnaongea na nani?"

Alipoelezwa, alishika kichwa. "Mkwe! Hata kwetu hilo ni zito. Lakini mama, sheria inasema mwandishi asiwe ndugu wa mwogeleaji yeyote. Huyu ni ndugu yako?"

"Si ndugu, ni mkwe mtarajiwa. Harusi mwezi wa kumi," Mama Theodosia alijibu, haraka kuliko ilivyohitajika. "Na kwenye orodha yako yote sina ndugu hata mmoja. Hata mmoja, daktari!"

"Watarajiwa sheria haiwataji. Tuendelee. King'ora cha kiwanda kikilia saa sita, nafunga orodha. Asiye na daraja haingii kwenye mbio za saa tisa. Sasa hivi ni saa tano na dakika kumi. Bwana Evod, vua."

"Daktari, siwezi."

"Mama atakaa nje ya mlango, tutatundika khanga."

"Hata hivyo siwezi."

Msomaji wa siku nyingi unajua kwa nini. Kwa faida ya aliyeokota gazeti hili leo kwenye maandazi, nitasema. Mguu wa kushoto wa Evod ulipooza kwa polio akiwa na miaka mitatu, ukabaki mwembamba. Siku ya posa, mshenga wake Nassib wa Mkula alimwambia, "Huwezi kwenda kwa wakwe suruali inapepea upande mmoja. Tutie kitu." Dativa, kwa mapenzi, akaleta sufi mfuko mzima na kuishonea ndani ya suruali, kuanzia kiunoni mpaka kwenye ugoko. Evod akaonekana ameshiba miguu yote miwili. Tangu siku hiyo hakuthubutu kwenda popote penye macho ya ukweni bila suruali ile.

Kwa hiyo akapimwa na suruali yake. Khanga ikatundikwa mlangoni, Mama Theodosia akakaa nje na daftari.

"Tunaanza," daktari alisema kwa sauti. "Paja la kushoto..."

"Daktari!" Ukelele ulitoka nyuma ya khanga. "Mimi mtu mzima unitajie paja la mkwe wangu? Mkono wangu utaandikaje neno hilo?"

"Sasa niliiteje?"

Evod ndiye aliyeokoa jahazi. "Liite kasia, daktari. Goti liite fundo. Nyonga iite tezi, nyuma ya chombo. Sisi wavuvi tutaelewana."

"Mama, itafaa?"

"Kasia nitaandika," mama alisema kwa unyonge.

Daktari Ndaki alishika kasia la kushoto, akaminya. Vidole vikazama. Akaachia. Shimo likabaki pale pale. Akainama kulitazama.

"Nimesoma miaka sita," alisema polepole. "Msuli wa aina hii sijapata kukutana nao. Umejaa lakini hausemi kitu. Huwa unakula nini?"

"Wali, daktari."

"Nisukume kwa mguu huu, kwa nguvu zako zote. Nitakupa kuanzia sifuri mpaka tano."

Hapa ndipo Evod alipojichongea. Mwenye akili angeuachia mguu useme ukweli wake. Lakini nyuma ya khanga kulikuwa na mama mkwe mwenye kalamu, na ni kijana gani wa bondeni atakayekubali mama mkwe asikie kwamba kasia lake limepata moja? Evod aliushika ukingo wa meza, akabana meno, akasukuma kwa kiuno, kwa mgongo, kwa mbavu, mpaka mshipa wa shingo ukatoka.

"Kasia la kushoto, tatu," daktari alisema.

"Jaribu tena daktari. Lilikuwa halijachangamka."

"Nne!"

"Nne," mama aliitikia nje, na Evod akasikia fahari katika sauti ile. Alitabasamu. Hakujua anajichimbia kaburi.

Wakatoka kwenda kwenye bwawa.

Watu walikuwa wamejaa pembeni mpaka juu ya ukuta. Wakata miwa, mafundi wa kiwandani, wanafunzi, waimba kwaya na Waislamu wachache waliowahi kufunga maduka. Karibu na ngazi ya bwawa alikaa Merina, muuza maandazi aliyekuja peke yake kutoka Kigoma, na kikapu chake kikubwa. Pembeni ya kikapu aliegemea Kelestini Nazari wa Lupiro, akitafuna.

Kelestini ndiye mtu ambaye Evod alikuja kumshinda. Mkono wake wa kulia unaishia kwenye kiwiko. Mwenyewe anasema ni mamba. Mamba huyo alipoanza kusimuliwa alikuwa wa futi sita. Mwaka huu wa 1996 amefika kumi na nne na bado anakua. Alikuwa ameshapimwa, ameshapewa daraja la nane, na sasa hana kazi ila andazi.

"Evod!" alipaza sauti alipomwona anashuka ngazi na suruali ndefu. "Umekuja kuogelea au kubatizwa?"

Umati ulicheka. Mama Theodosia aliketi kwenye kiti ukingoni, mgongo kwa maji, uso kwa miwa, kalamu tayari.

Evod akajitosa.

Sasa, sufi ina tabia yake. Wavuvi wote wanaijua, hata Evod mwenyewe anaijua, ila siku hiyo aliisahau. Sufi hailowi, na ukiizamisha inarudi juu. Ndiyo maana hutiwa ndani ya majaketi ya kujiokolea.

Mguu wa kushoto uliibuka kabla ya kichwa. Evod akaupeleka chini, ukarudi. Akaukanyagia kwa mguu wa kulia, ukachomoka upande wa pili. Alivuka bwawa zima matako yakiwa juu na pua ikiwa chini, akipiga mikono kwa hasira, na kwa kuwa sehemu ya chini haikugusa maji hata kidogo, alikwenda kwa kasi ya kutisha.

Alipogusa ukuta wa pili, daktari alikuwa anatikisa kichwa.

"Huu mguu unaelea kuliko wangu mimi niliyezaliwa ziwani. Na mezani umepata nne. Bwana Evod, hongera, wewe hujanyimwa kitu cha maana. Daraja la kumi."

"Kumi!" Nassib aliruka juu. "Jamani, kumi kwa kumi! Kelestini kapata nane!"

Umati ukalipuka. Vigelegele vikapigwa. Mzee mmoja alivua kofia akairusha majini. Nassib akamvuta Evod kutoka bwawani na kumbeba juu juu.

"Nishushe," Evod alisema. Macho yake yalikuwa mekundu, na haikuwa dawa ya maji.

"Kumi, ndugu yangu! Umeongoza!"

"Nassib, hii si mitihani. Daraja la kwanza ni la aliyenyimwa mengi na mwili, la kumi ni la aliyenyimwa kidogo. Kila daraja linashindana peke yake. La nane yupo Kelestini. La kumi nipo mimi na kivuli changu. Na aliye peke yake hapandi gari."

Nassib alimshusha taratibu.

Gari lenyewe lilikuwa pale chini ya mwarobaini. Land Rover ya daktari, imejaa mizigo, imebaki nafasi moja. Mshindi wa mbio za saa tisa siku hiyo hiyo angekaa katika nafasi hiyo kwenda Dar es Salaam, kwenye kambi ya timu ya taifa.

Lakini usidhani ni gari tu lililomliza Evod. Tangu utoto alikuwa akivuka mto Kilombero kwa kuogelea, na amewashinda wengi wenye miguu miwili. Akimshinda mtu, watu husema jamaa alimhurumia. Akishindwa, wanamwambia pole. Miaka ishirini na saba ya pole! Alichotaka ni mbio moja tu ambayo aliye pembeni yake amepimwa sawa naye, ashinde au ashindwe, na asiwepo mtu wa kumwambia neno hilo.

"Daktari," Evod aliita. "Ninaruhusiwa kukata rufaa?"

"Kabla ya king'ora. Una dakika ishirini na mbili. Lakini rufaa kwa sababu gani?"

Evod hakumjibu. Alikwenda kwenye kiti cha mama mkwe, akasimama nyuma yake, akageuka. Mgongo kwa mgongo. Maji yalimchuruzika kutoka upande mmoja wa suruali. Upande wa pili ulikuwa mkavu kama ulivyotoka nyumbani.

"Mama, nina neno."

"Sema baba."

"Mguu wangu wa kushoto si huu."

Kalamu ilisimama. "Ni upi?"

"Huu ni sufi, mama. Tangu siku ya posa."

"Na mguu wenyewe uko wapi?"

"Umo humo humo ndani. Mwembamba."

Mama Theodosia aliiweka kalamu juu ya daftari. Kisha akasema, bado anaitazama miwa.

"Baba, nimefundisha miaka thelathini na moja. Mtoto akiingia darasani na madaftari ndani ya kaptula ili fimbo isimuume, nilikuwa namjua kwa anavyokaa. Siku ya posa ulikaa hivyo hivyo."

"Mama! Kumbe ulijua?"

"Nilijua. Ningesemaje? Mkwe hatazamwi chini ya kiuno." Alikohoa. "Mimi nilimtoa binti yangu kwa mwanamume, sikumtoa kwa mguu. Nenda kavue. Mimi nitajifunika."

"Asante mama," Evod alisema.

Kuhusu kujifunika, khanga ilikuwa nyepesi mno kwa jua la saa hizo. Ukaletwa ungo, ukaonekana hautoshi. Mwishowe Merina aliyamwaga maandazi yake kwenye sinia, Mama Theodosia akavikwa kikapu kichwani mpaka mabegani, daftari likawekwa mapajani. Kelestini akachota maandazi mawili kutoka kwenye sinia bila kuulizwa, na Merina akajifanya anatazama popo.

"Tayari," kikapu kilisema.

Evod akafungua mkanda. Akavua suruali mbele ya bonde zima, akabaki na bukta. Mguu wake mwembamba ukatoka juani kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano.

Watu waliutazama. Bibi mmoja alifungua kinywa kusema lile neno, Nassib akamkazia macho, akafunga.

Daktari Ndaki alimlaza pale pale kwenye benchi. Akaushika mguu, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyekutana na jamaa yake stendi. "Aha! Huyu sasa namfahamu! Sukuma."

Evod akasukuma kwa mguu peke yake, bila kiuno, bila mbavu.

"Kasia la kushoto, moja."

"Moja," kikapu kiliandika.

"Sawasawa kabisa daktari," Evod alisema kwa sauti ya kusikika mpaka ukutani. "Moja!"

Akarudi majini. Mguu ukazama kama ulivyozoea, mabega yakafanya kazi yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Evod aliogelea kama anavyoogelea mtoni. Hakuna aliyecheka. Kelestini aliacha kutafuna.

"Daraja la nane!" daktari alitangaza. "Saa tisa, Evod na Kelestini, maji kwa maji. Umebaki muhuri tu."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika saba. Evod alilala chali juu ya maji, akacheka peke yake.

Angejua, asingelala.

Kwa sababu Kelestini alikuwa ameiona suruali. Ilikuwa imekaa ukingoni, upande mmoja umelala, mwingine umevimba. Akaiokota kwa mkono wake mmoja, akainyanyua juu.

"Jamani!" alipiga kelele. "Njooni muuone mguu wa Evod! Huyu mamba wake alikuwa wa pamba!"

Akaitikisa. Mshono wa Dativa, ambao ulikuwa umevumilia mengi asubuhi ile, ukasalimu amri. Sufi ikaruka, ikajaa kwenye bwawa, kwenye maandazi na kwenye ndevu za mzee aliyetupa kofia. Na katikati ya sufi kikaanguka kifurushi kidogo cha nailoni, kimefungwa uzi mwekundu.

"Kuna nini humu?" Kelestini aliuliza. "Kifurushi chenye uzi mwekundu!"

Kikapu kilishtuka. Kikanyanyuka. Uso wa Mama Theodosia ulitokea chini yake, umejaa makombo ya maandazi.

"Hiyo ni sufi ya mto wangu!" alipiga kelele. "Dativa! Kumbe mwizi ni Dativa! Kelestini, usifungue hicho!"

Mwambie Mndamba, mtu wa bonde hili, asifungue kitu, uone. Kelestini alishika uzi kwa meno, akavuta, akakunjua karatasi.

"Cheti," alisoma, "cha ndoa. Bomani Mahenge, tarehe kumi na nne Desemba, mwaka jana. Mke, Theodosia..." Umati ukaguna. "Mume, Nazari..." Kelestini alisita. Akaigeuza karatasi, akaigeuza tena. "Mvuvi, wa Lupiro. Mbona huyu ni baba?"

Nassib ndiye aliyepata sauti kwanza. "Kumbe yule dada mgonjwa wa Lupiro, ambaye mama husema anakwenda kumtazama kila Jumamosi, ana ndevu!"

Mama Theodosia alisimama wima kama anakagua gwaride. "Nilikuwa namngoja Dativa aolewe kwanza. Mama hawezi kumtangulia binti yake. Tungekwenda kanisani baada yao, kimya kimya. Kuna ubaya gani?"

"Ubaya upo," Daktari Ndaki alisema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni. Muhuri ulikuwa mkononi, haujashuka. "Mama, uliniambia huna ndugu kwenye orodha. Kama saini hii ni yako, Kelestini ni mwana wa mumeo. Daftari lote ni batili. La Kelestini, la Evod, la kila mtu. Nijibu. Saini ni yako?"

Watu wa juu ya ukuta wakainama kusikiliza.

Mama Theodosia hakumtazama daktari. Aligeuka. Aligeuka kabisa, akamtazama Evod usoni, mkwe kwa mkwe, yeye na makombo yake, Evod na bukta yake iliyolowa. Popo walitazama pembeni.

"Baba," alisema, "nikisema si yangu, unaogelea saa tisa. Nikisema ni yangu, daraja lako linafutika. Mdomo wangu naukabidhi kwako. Nisemeje?"

Evod alitazama Land Rover. Alitazama sufi inayoelea juu ya maji, nyeupe, haitaki kuzama. Neno moja tu la uongo, na uongo mwenyewe si wake.

"Sema kweli, mama," alisema. "Mimi ya kwangu nimeshaivua."

Mama Theodosia akapangusa makombo. "Saini ni yangu, daktari."

Daktari akafunga daftari.

"Nimewaheshimu," alisema. "Na sheria ni sheria. Lakini vipimo vyote nimeviandika kwenye karatasi zangu, kwa hiyo kuvinakili ni kazi ya dakika tatu tu. Nileteeni mwandishi mwingine, anayejua kusoma na kuandika, asiye ndugu wa mwogeleaji yeyote, aweke saini yake kabla ya king'ora."

Watu wakatazamana. Asiye ndugu! Bonde hili! Nassib alijitokeza, akakumbushwa kwamba shangazi yake kaolewa na mjomba wa Kelestini. Katibu wa kwaya akanyoosha mkono, akaushusha. Yeye na Evod walinyonya ziwa moja. Akaitwa dereva wa Land Rover, mtu wa Masagati kule mwisho wa dunia, na ndani ya nusu dakika akina mama watatu walikuwa wameshamwita binamu.

Na hapo king'ora kikaanza kulia.

Evod alifumba macho. Basi, alijiambia. Basi.

"Daktari!" Ilikuwa sauti ya Kelestini, naye alikuwa anakimbia kuzunguka bwawa, suruali tupu ikipepea mkononi. "Kimeanza, hakijamaliza! King'ora cha saa sita kinalia dakika nzima! Kikilia bado ni saa sita!" Akamfikia Evod, akamshika bega. "Nataka nikushinde majini, siyo kwenye karatasi. Merina! Merina ni wa Kigoma! Hana ndugu huku!"

Watu mia mbili wakageuka. Merina alikuwa ameshika sinia, nyusi zimejaa sufi.

"Unajua kuandika?" daktari alipiga kelele kushinda king'ora.

"Najua. Nimemaliza la saba."

"Saini hapa! Karatasi nitanakili, saini ndiyo ya saa sita!"

Shangwe zikapaa. Merina akapewa kalamu, akainamia daftari. Wino ukagusa karatasi. King'ora kilianza kuishiwa pumzi. Evod aliuma kidole.

Kisha Merina akanyanyua kichwa. Akamtazama Kelestini, Kelestini akatazama maandazi.

"Daktari," aliuliza kwa adabu, mkono mmoja tumboni, "huo undugu unaousema, hata wa ambaye hajazaliwa unahesabiwa?"

King'ora kikanyamaza.